Röntgen: Mhandisi aliyeona ndani ya chuma bila kukikata

KILA aliyewahi kuvunjika mkono akapelekwa hospitalini kupigwa picha ya eksirei amepitia mikononi mwa Wilhelm Conrad Röntgen, hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Kwa sababu hiyo, wengi hudhani kuwa mwanasayansi huyu Mjerumani, aliyeaga dunia mwaka 1923, alikuwa daktari.

La hasha. Röntgen alisomea uhandisi wa mitambo, na miongoni mwa picha zake za kwanza kabisa mna dira iliyofungiwa ndani ya bati, mawe ya mizani yaliyo ndani ya kisanduku na kipande cha chuma chenye kasoro isiyoonekana kwa macho. Mfupa ulimpatia umaarufu, lakini chuma hakikuchelewa hata siku moja nyuma ya mfupa.

Habari hiyo ina uzito wake hata katika kijiji cha Kibuyuni, Kaunti ya Kwale. Kijiji hiki kilicho jirani na Shimoni kinasifika kwa akina mama wanaolima mwani baharini na kwa wavuvi wake. Injini ya mashua inapogoma, spea hutafutwa Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 70, na kivuko cha Likoni kikiwa katikati. Spea isipopatikana, fundi hana budi kuchonga nyingine kwa kuitazama ile iliyoharibika.

Kwa kitu kilicho wazi kama rafadha, kazi hiyo ni ya vipimo na subira. Mambo huwa magumu kwa kitu kilichofumbwa. Kabureta, kwa mfano, ina vijia vyembamba vya mafuta vilivyotobolewa ndani kwa ndani na kisha kuzibwa kwa nje. Fundi anayetaka kujua vinapopita hulazimika kuipasua kwa msumeno, na ikishapasuliwa haina kazi tena. Akikosea kipimo kimoja, hana pa kurudi kupima upya, na mwenye mashua hubaki ufukweni huku wenzake wakienda bahari.

Wahandisi huitazama kazi hii kama kusoma kifaa kinyumenyume, yaani kuanza na kitu kilichokwisha kutengenezwa na kurudi hatua kwa hatua hadi kuupata mchoro wake. Uwezo wa kuifanya bila msumeno unatokana na ugunduzi wa mtu huyu ambaye, ajabu ni kwamba, shule ilimfukuza.

Mwanafunzi asiyemtaja mwenzake

Röntgen alizaliwa Machi 27, 1845 katika mji wa Lennep, nchini Ujerumani, akiwa mtoto wa pekee. Baba yake alikuwa mfanyabiashara na mtengenezaji wa nguo. Mama yake alikuwa wa ukoo wenye makao Amsterdam, na mwaka 1848 familia ilihamia Apeldoorn, Uholanzi, ambako kijana huyo alikulia.

Walimu wake hawakumwona kuwa na kipaji cha kupita kiasi. Alichopenda ni kutembea mwituni na kuunda vitu vidogo vidogo vya mitambo kwa mikono yake, tabia ambayo hakuiacha hadi uzeeni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1860 alijiunga na shule ya ufundi mjini Utrecht. Huko mwanafunzi mmoja alichora kikatuni cha kumdhihaki mwalimu, na Röntgen akashukiwa. Alipotakiwa kumtaja mchoraji alikataa, akafukuzwa. Kwa hivyo hakupata kile cheti cha sekondari ambacho vyuo vikuu vya wakati huo vilikidai mlangoni.

Wazazi wengi wa Pwani wanaujua uchungu huo wa mtoto kusimama nje ya lango kwa kukosa karatasi. Kilichomwokoa Röntgen ni Chuo cha Ufundi cha Zurich, Uswisi, kilichowapokea wanafunzi kwa mtihani wake chenyewe bila kujali cheti. Aliingia mwaka 1865, akahitimu uhandisi wa mitambo mwaka 1868, na mwaka uliofuata akapata shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Zurich.

Mjini humo ndiko alikokutana na Anna Bertha Ludwig, binti wa mwenye mkahawa uliopendwa na wanafunzi. Walioana mwaka 1872. Hawakujaliwa mtoto, na mwaka 1887 walimchukua binti wa ndugu yake Bertha, aliyekuwa na umri wa miaka sita, wakamlea kama wao.

Kovu la cheti lilimfuata. Alipoandamana na mwalimu wake, August Kundt, hadi Chuo Kikuu cha Würzburg mwaka 1870, chuo hicho kilimnyima idhini ya kufundisha kwa kuwa hakuwa na cheti cha sekondari. Aliipata idhini hiyo Strasbourg mwaka 1874, akafundisha Hohenheim, akarudi Strasbourg na kisha akapewa uprofesa Giessen mwaka 1879. Mwaka 1888, Würzburg ile ile ikamwita awe profesa wake wa fizikia, na mwaka 1894 ikamfanya mkuu wa chuo.

Majuma saba ya kimya

Jioni ya Ijumaa, Novemba 8, 1895, Röntgen alikuwa katika maabara yake mjini Würzburg akichunguza umeme unavyopita ndani ya mrija wa kioo uliotolewa hewa. Alikuwa ameufunika mrija huo kwa karatasi nzito nyeusi ili nuru isitoke, na chumba kilikuwa giza totoro. Hata hivyo, kila umeme ulipopita, bamba lililopakwa kemikali ya bariamu lililokuwa mbali kidogo liling'aa.

Kitu kilikuwa kinapenya karatasi. Kwa kuwa hakujua ni kitu gani, alikipa jina la herufi ambayo wanahisabati hulitumia kwa kisichojulikana: miale ya X.

Kwa majuma saba hakumwambia mtu. Alikuwa akila na wakati mwingine kulala humo humo maabarani, ingawa makao yake yalikuwa ghorofa ya juu ya jengo hilo hilo. Alipima kwa utaratibu wa fundi. Aliweka kitabu cha takriban kurasa 1,000 mbele ya miale, ikapita. Aliweka mbao, ikapita. Aluminiamu ya milimita 15 iliipunguza nguvu bila kuizuia kabisa, ilhali risasi ya unene wa milimita moja na nusu tu iliizuia karibu yote.

Hapo ndipo ulipo msingi wa kila kilichofuata. Miale hupungua kulingana na unene wa kitu na uzito wa dutu iliyomo. Penye uwazi ndani ya chuma hupita mingi, na penye chuma kizima hupita michache. Tofauti hiyo huandikika kwenye bamba la picha kama kivuli chenye viwango vya weusi na weupe, na anayejua kukisoma kivuli hujua kilichomo ndani.

Desemba 22 alimwita mkewe maabarani na kuupiga picha mkono wake. Picha ilionyesha mifupa na pete. Yasemekana Bertha alishtuka, akaona kama ametazama kifo chake mwenyewe.

Siku sita baadaye Röntgen aliwasilisha taarifa yake kwa Chama cha Fizikia na Tiba cha Würzburg, na Januari 1, 1896 akawatumia wanasayansi wenzake nakala pamoja na picha. Katika siku chache magazeti ya Vienna na kwingineko yakaieneza habari, na Januari 13 alikuwa Berlin akimwonyesha Mfalme wa Ujerumani maajabu hayo.

Magazeti yaliushika mkono wa Bertha, na ni haki yao, kwani picha ya mkono wa mtu humgusa kila mtu. Lakini ndani ya taarifa hiyo hiyo Röntgen alikuwa ameorodhesha vivuli vingine alivyovinasa: waya uliozungushwa kwenye kijiti cha mbao, mawe ya mizani ndani ya kisanduku, dira iliyozingirwa na chuma pande zote, na kile kipande cha chuma ambacho miale ilidhihirisha kuwa hakikuwa sawasawa kila mahali.

Bunduki ya mwindaji

Röntgen alipenda kuwinda. Katika mwaka huo wa 1896 aliichukua bunduki yake ya mitutu miwili, risasi zikiwa ndani, akaipiga picha kwa miale yake. Picha ilionyesha marisau yaliyojaa ndani ya risasi. Zaidi ya hayo, ilionyesha kasoro za ndani za mitutu yenyewe, iliyokuwa ya aina ya Damaski, yaani iliyofuliwa kwa kusokota vipande vya chuma na feleji pamoja.

Pembezoni mwa picha aliandika kwa mkono maelezo ya kila alichokiona. Katika taarifa yake ya tatu, iliyotoka mwaka 1897, aliitaja tena.

Mwandishi huyu anaiona picha hiyo kuwa na uzito usiopungua ule wa mkono wa Bertha. Mtutu wenye ufa wa ndani humlipukia mwenye bunduki usoni, na kabla ya siku hiyo hapakuwa na njia ya kuutazama ufa huo isipokuwa kuukata mtutu. Wahunzi waliusikiliza mlio wa chuma kilipogongwa wakakisia. Sasa mwenye bunduki aliweza kujua, kisha akaitundika ukutani ikiwa nzima kama alivyoichukua.

Ukaguzi huo ndio unaotumika hadi leo katika viungo vya kulehemu vya mabomba ya mafuta na matangi ya mvuke, katika mabawa ya ndege na katika vyuma vya kusubu. Kwa Kiswahili cha kawaida tunaweza kuuita uchunguzi usioharibu.

Afrika haikuachwa nyuma, ingawa ilifikiwa kwa njia ya vita. Majeruhi wa Kiitalia walioshindwa na Waethiopia katika vita vya Adwa, Machi 1896, walipigwa picha za eksirei walipofikishwa Naples ili kutafuta risasi zilizobaki miilini mwao. Mwaka 1898 madaktari wa jeshi la Uingereza walikuwa na mashine nchini Sudan, na umeme wake ulizalishwa kwa kukanyaga baisikeli ya watu wawili.

Hakutaka hataza

Kampuni kubwa za umeme zilimtaka auze haki za ugunduzi wake. Röntgen alikataa kuchukua hataza. Aliamini kuwa matokeo ya kazi ya chuo kikuu ni mali ya watu wote, na yasifungiwe kwa mkataba wa mtu mmoja. Alikataa vilevile kuongezewa katika jina lake kiungo cha ukabaila alichotunukiwa. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1901, ikiwa ndiyo ya kwanza kutolewa, fedha zake alikiachia Chuo Kikuu cha Würzburg.

Uamuzi huo wa hataza ndio ulioifanya miale isambae kwa kasi. Kila mwenye mrija wa kioo na mtambo wa umeme aliweza kujaribu. Wapo walioumia kwa kutojua hatari yake: Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alifariki mwaka 1904 baada ya mikono yake kuunguzwa na miale. Röntgen mwenyewe alikuwa amejijengea kibanda cha bati la zinki, chenye risasi upande mmoja, na kilimkinga.

Picha yake, hata hivyo, ilikuwa na upungufu mkubwa kwa mtu anayetaka kunakili mtambo. Ni kivuli kimoja. Watu 10 wakisimama kwa mstari mbele ya taa, ukutani huonekana kivuli kimoja tu, na ndivyo zinavyofanya gia 10 zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Fundi huona kwamba gia zipo, lakini hajui meno gani ni ya ipi.

Fundo hilo lilianza kufunguliwa kusini mwa bara letu. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa mhadhiri wa fizikia mjini Cape Town alipoombwa mwaka 1956 kusaidia katika hospitali ya Groote Schuur. Aliwaza kwamba miale ikipitishwa katika kitu kutoka pembe nyingi, hisabati inaweza kuvitenganisha vivuli na kumpa mtazamaji umbo la ndani, tabaka kwa tabaka.

Mwaka 1957 alijaribu wazo hilo kwa kisahani cha aluminiamu kilichozungushiwa mbao. Hesabu zilikubali, ila karibu na kitovu namba zilipinda kidogo, kana kwamba aluminiamu ya hapo haikuwa sawa na nyingine. Alikwenda karakana kuuliza. Ikabainika kwamba fundi alikuwa ameweka kijiti cha aluminiamu ya namna nyingine katikati ya kisahani, na Cormack hakuwa na habari.

Kwa maneno mengine, jaribio la kwanza la aina hiyo lilifichua siri ya kifaa cha karakana kabla halijamfaa mgonjwa yeyote. Cormack na Mwingereza Godfrey Hounsfield, aliyeunda mashine yenyewe bila kuijua kazi ya mwenzake, waligawana Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1979. Mashine hiyo ndiyo tunayoiita skani ya CT.

Mfano mashuhuri zaidi wa skani hiyo kusoma mtambo kinyumenyume umetoka baharini. Wazamiaji wa sifongo waliopata jahazi la kale lililozama karibu na kisiwa cha Antikythera, Ugiriki, waliibua humo bonge la shaba lililoliwa na chumvi. Liliinuliwa mwaka 1901, mwaka ule ule wa Nobel ya Röntgen. Picha za eksirei za kawaida zilizopigwa miaka ya 1970 zilionyesha gia, lakini zote zimelaliana.

Mwaka 2005 mashine ya CT yenye uzito wa takriban tani nane ilisafirishwa kutoka Uingereza hadi Athens, kwa kuwa mabonge hayo hayangestahimili safari. Gia 30 zilionekana, moja ikiwa na meno 223, idadi ya miezi inayotumika kukadiria kurudi kwa kupatwa kwa jua na mwezi. Maandishi yaliyofichwa chini ya kutu yalisomeka. Leo mafundi wameunda mifano inayozunguka, na hakuna aliyelivunja bonge hata moja.

Je, fundi wa Kibuyuni atafaidika vipi? Si kwa kwenda na kabureta yake hospitalini. Skani ya mgonjwa hutumia volti 80,000 hadi 140,000, zinazotosha kwa nyama, mfupa na aluminiamu nyembamba. Ile ya Athens ilitumia volti 450,000. Chuma kinene huhitaji nguvu za kiwango hicho, na nchini Kenya vifaa vya miale huhitaji leseni ya mamlaka ya kudhibiti nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019.

Kadhalika, picha hutoa umbo pekee. Haimwambii fundi kama chuma kilipozwa kwa mafuta au kwa maji baada ya kutoka motoni, wala ugumu wake. Gia iliyonakiliwa kwa umbo kamili kutoka kwa chuma laini itakwisha meno katika safari chache. Na kifaa ambacho hataza yake haijaisha hakinakiliwi kwa biashara bila idhini.

Lakini vipo vitu vingi visivyo na kizuizi hicho, hasa vya mitambo mikuukuu ambayo watengenezaji wake hawauzi tena spea. Anayekumbuka kiwanda cha zamani cha sukari cha Ramisi, kilichofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, anajua jinsi mtambo mkubwa unavyogeuka chuma chakavu. Mashine moja ya kuskani vyuma, ikiwekwa katika chuo kama kile cha ufundi cha Mombasa na kufunguliwa kwa mafundi kwa ada nafuu, ingehudumia karakana kutoka Vanga hadi Lamu. Hilo lingekuwa karibu zaidi na nia ya Röntgen kuliko kuifungia mashine kama hiyo katika kiwanda kimoja.

Yeye mwenyewe alihamia Munich mwaka 1900 na kufundisha huko hadi alipostaafu. Miaka yake ya mwisho haikuwa ya raha. Bertha, aliyeugua kwa muda mrefu na kuuguzwa naye, alifariki mwaka 1919. Mfumuko wa bei uliofuata Vita Vikuu vya Kwanza ulimeza akiba yake, na mtu ambaye angeweza kuwa tajiri kwa hataza moja tu akaishi kwa kubana matumizi, akitumia muda mwingi katika nyumba yake ya mashambani Weilheim.

Röntgen alifariki Munich mnamo Februari 10, 1923 kwa saratani ya utumbo, akiwa na umri wa miaka 77. Aliagiza karatasi zake za kisayansi zichomwe, na zikachomwa, hata daftari za yale majuma saba ya mwaka 1895. Majivu yake yalizikwa Giessen, kando ya mkewe na wazazi wake. Maabara ya Würzburg imehifadhiwa kama kumbukumbu, na Lennep, alikozaliwa, pana jumba la makumbusho linaloitwa kwa jina lake.